Naomba ushauri: azobenzini, inayobadilika kwa mwanga, naiwekaje na mabaki yake namwaga wapi?

BintiMwera
Asalam alaykum jamani. Mie nasoma kemia mwaka wa tatu hapa Unguja, mradi wangu wa mwisho nimepewa azobenzini, kichupa kidogo tu cha chengachenga za rangi ya chungwa. Msimamizi kanikabidhi akasafiri, kaniambia nionyeshe inavyogeuka kwa mwanga basi. Sasa maabara yetu mchana ni joto kweli kweli, umeme ukikatika ndo usiseme, na nimesoma kuwa azo nyengine zikipata joto zinatoa gesi, nna khofu isije ikaripuka. Taa ya UV tunayo ile ndogo ya kuangalizia mabamba ya TLC tu, yale ya kutenganisha kemikali kwa kuzipandisha na kimiminika. Na mabaki je? Mwenzangu kanambia mwaga sinki, lakini bibi yangu analima mwani na maji yetu yote mwisho wake baharini, roho imekataa.

Sharifu_Chake
Dada rejesha hiyo chupa. Azo ndo zile zile za kuripuka, zinatakiwa zikae kwenye friji.

MwalimuMstaafu
Sharifu, hapo umechanganya mwanangu. Azo ni jina la ule mshikamano tu, naitrojeni mbili zimeshikana kwa mikono miwili, kinachofungwa huku na huku ndo kinaamua tabia. AIBN ile ya kutengenezea plastiki ndo inavunjika kwa joto na kutoa naitrojeni, hiyo kweli iweke baridi. Azobenzini pande zote mbili ina pete za benzini, imetulia, inayeyuka kwenye nyuzi 68 hivi na kuchemka karibu 293. Joto la Unguja haliifanyi kitu. Binti, kichupa kifunge vizuri, kizungushie foili, kiweke kabatini mbali na vioksidishaji (kemikali zinazochochea moto), inatosha.

Lakini usiichukulie poa. Wamarekani wameiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani kwa binaadamu, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani inasema ushahidi bado hautoshi kuiainisha. Wewe fanya kama ni hatari. Glovu za naitraili, pima ndani ya kabati la kuvuta hewa, na ukimwaga chenga mezani usifagie kavu hata kidogo, vumbi ndo linaloingia kifuani, futa kwa karatasi iliyoloa etanoli.

BintiMwera
Ahsante sana mwalimu, nimepumua. Sasa kwenye kuonyesha: nimetia etanoli nikamulika taa dakika 20, rangi naiona ile ile tu. Nimekosea wapi?

MwalimuMstaafu
Hujakosea, wengi wanategemea rangi ipotee kama mazingaombwe. Molekuli yake ina maumbo mawili, iliyonyooka na iliyokunjika, na zote ni za chungwa, macho hayatofautishi. Kinachobadilika ni umbo: ikipigwa na UV ya nanomita 365 hivi inakunjika, masafa kutoka ncha hadi ncha yanatoka nanomita 0.9 hadi 0.55, ikipata mwanga wa buluu au ikikaa gizani siku kadhaa inarudi. Ikikunjika inakuwa na upande wa chanya na upande wa hasi, ikiwa imenyooka haina. Basi tumia hiyo! Weka doa kwenye bamba la silika, lianike juani saa moja au mbili, halafu pembeni yake weka doa la pili kutoka chupa iliyokaa gizani. Pandisha kwa sikloheksani sehemu 3 na tolueni 1, chombo kifunike foili. Iliyokunjika inang'ang'ania silika inabaki nyuma. Jua tunalo bure, na ile taa usiitazame bila miwani inayozuia UV.

Tabia hii ndo watu wanaitumia duniani: Wajapani mwaka 2003 walionyesha utando wa plastiki yenye azobenzini unaojikunja wenyewe ukimulikwa.

MamaUkindu_Wete
Samahanini wanangu mie si msomi, nasuka mikeka. Hizi rangi za unga tunazochemshia ukindu nazo ndo hiyo?

MwalimuMstaafu
Bi mkubwa swali lako zito. Si hiyo yenyewe ila rangi nyingi za viwandani zina mshikamano huo huo wa azo. Baadhi zikivunjika zinatoa amini mbaya, kemikali zinazoweza kuleta saratani, Ulaya wamezizuia kwenye nguo tangu miaka ya 2000. Pakiti haisemi ni ipi, kwa hiyo sufuria ya rangi isipikiwe chakula tena abadan, chemshia nje, funga pua na mdomo ukimimina unga, watoto wakae mbali.

MamaUkindu_Wete
Ile sufuria naitumia na kwa mihogo. Leo leo naitenga.

Fundi_Maabara
Kuhusu mabaki, bibi yako ana haki: azobenzini ni sumu kali kwa viumbe vya majini. Vimiminika vyote, etanoli ya kuoshea nayo, tia chupa moja yenye kifuniko, andika jina na tarehe, isijae pomoni. Karatasi na glovu mfuko wake. Chuo kisipokuwa na utaratibu waulizeni ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini sinki hapana.

BintiMwera
Jamani nimerudi. Leo saa saba mchana nimeanika bamba dirishani saa moja na nusu, nimepandisha: doa la gizani limebaki moja, la juani limegawika mawili, moja limekwenda sawa na mwenzake, jengine limebaki chini kabisa. Nimepiga kelele maabara nzima ikanitazama. Chupa ya mabaki nimeshaiandika, nimeiweka kabatini.