Wenye studio, chenga mnazirekodi nyinyi wenyewe, lawama mnatutupia wahariri. Sasa basi!

Wakuu, nahariri video za harusi na send-off hapa Dar, na leo naongea bila kupepesa macho.

Kazi inaletwa imejaa chenga, vile vidoti vinavyochezacheza kwenye picha. Suti nyeusi ya bwana harusi imegeuka vigaevigae, pazia la nyuma ya jukwaa linachemka, uso wa bibi harusi umelainika kama nta. Halafu bosi anapiga simu: "Umeifanyaje kazi ya watu?" Nimeifanyaje? Mimi ukumbini sikuwepo, fomati sikuchagua mimi!

Kinachoniudhi kuliko vyote ni amri ya "piga S-Log3, mhariri atarekebisha". Mnaitoa kwa vijana wenye Sony A7 III, kamera ambayo kwa ndani inarekodi biti 8 tu, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. S-Log3 ni mpangilio wa kurekodi picha iliyofifia makusudi, umetengenezwa kubeba tofauti kubwa ya mwanga na kivuli, kwa mfano gauni jeupe kwenye jua la saa saba. Usiku, ukumbi una kiza na kijana ameogopa kufungua lenzi iingize mwanga zaidi. Uso wa bibi harusi unaangukia kwenye ngazi chache za chini. Nikivuta kontrasti irudi, chenga nazo zinavutika. Biti 10 zina ngazi 1,024, hapo walau ningekuwa na pa kushika. Kama kamera yenu ni ya biti 8, ukumbini tumieni rangi ya kawaida, mwanga wa kutosha usoni, basi. Mbona ni rahisi hivyo?

La pili ni ubahili wa memori kadi. Kamera hiyohiyo kwa 4K ina viwango viwili vya data, Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) na Mbps 60. Mnachagua 60 ili saa moja itumie GB 27 badala ya GB 45. GB 18 kwa saa! Kwa harusi ya watu waliochangishana miezi mizima!

Na hapa naomba mnisome taratibu, maana ndipo kazi inapoharibikia. H.264 mnayorekodia, yaani kodeki (mfumo wa kubana video), haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukuta uliotulia hauli data nyingi. Lakini chenga hubadilika kila fremu, kwa hiyo kodeki inaona ukuta mzima unatembea na inamwaga data hapo. Kiwango cha Mbps kikiisha, inaanza kukata, na inachokata ni ngozi, nywele na lesi ya gauni. Chenga ndogondogo zinaungana kuwa mabaka. Rangi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu 4:2:0, mpango wa rangi wa kamera hiyo, huweka sampuli moja ya rangi kwa kila pikseli nne. Ongeza zile taa za LED za bluu na zambarau ambazo maDJ wanazipenda, uone shingo za wasimamizi zinavyokuwa.

Chenga mbichi za sensa ya kamera naziweza. Programu inalinganisha fremu zinazofuatana na kuzisafisha vizuri tu. Mabaka yaliyogandishwa na kodeki programu inayaona ni sehemu ya picha. Na msinitumie tena faili mliyoigeuza kuwa ProRes, fomati nzito ya kuhariria, mkidhani mmenisaidia. Mmeongeza ukubwa wa faili. Kilichotupwa wakati wa kurekodi hakirudi.

Kuna na wale wataalamu wa kusema "nunua kamera ya RAW, chenga zitakwisha". Nani kawadanganya? RAW ni data ya sensa kama ilivyo, na huonyesha chenga nyingi zaidi, kwa kuwa kamera haijazisafisha. Faida yake ni kwamba zinabaki safi za kusafishika, na gharama yake ni diski na kompyuta yenye nguvu. ProRes 422 HQ tu, ambayo hata si RAW, kwa 4K ya fremu 25 inakaribia GB 330 kwa saa. Mtu anayelilia GB 18 ataiweza hiyo?

Wenye A7S III au A7 IV hamna kisingizio kabisa: biti 10 na 4:2:2 (yenye sampuli nyingi za rangi kuliko 4:2:0) zimo ndani ya menyu, washeni.

Kuanzia sasa sipokei kazi ya ukumbini kabla ya kutumiwa dakika moja ya faili ghafi. Nikikuta S-Log3 ya biti 8 kwa Mbps 60, bei ni mara mbili, na bosi atampigia bibi harusi mwenyewe kumweleza kwa nini uso wake uko vile.