Sauti ya Imran Khan iliyotengenezwa kwa akili mnemba: je, hotuba ni ya nani?

Mdadisi
Wanajukwaa, naomba maoni yenu kuhusu jambo moja la Pakistan. Mwezi Desemba 2023 chama cha PTI kilifanya mkutano wa hadhara kupitia intaneti, na humo ikasikika sauti ya mwanzilishi wake, waziri mkuu wa zamani Imran Khan, ilhali mwenyewe alikuwa gerezani tangu Agosti. Sauti ilitengenezwa kwa akili mnemba, na chama kilieleza wazi kwamba maneno yametokana na muhtasari ambao Khan aliupitisha kwa mawakili wake. Baada ya uchaguzi wa tarehe 8 Februari 2024 ikatolewa nyingine, ya kutangaza ushindi. Je, tuzihesabu kuwa hotuba za Khan, au ni hotuba za chama zilizovishwa sauti yake?

Mwanasheria Mstaafu
Kwangu mimi ni hotuba zake. Viongozi wengi husoma walichoandikiwa na wasaidizi, wala hatusemi kwamba hawakuhutubia. Napima kwa mambo mawili, yaani ridhaa ya mwenye sauti na uwazi kwa msikilizaji, na hapa yote yalikuwapo. Huko New Hampshire, Marekani, Januari 2024, hayakuwapo: wapiga kura walipigiwa simu zenye sauti ya kughushi ya Joe Biden, zikiwataka waiweke kura yao hadi Novemba badala ya kushiriki uchaguzi wa mchujo. Aliyeziagiza, mshauri wa siasa Steve Kramer, alitozwa faini ya dola milioni 6 na tume ya mawasiliano ya nchi hiyo. Tume hiyohiyo ilitangaza kwamba sauti za namna hiyo katika simu za kujiendesha zinabanwa na sheria ya 1991, na kwa sadfa ilitangaza hivyo siku ileile Wapakistani walipokuwa wakipiga kura.

Bint Mwinyi
Mzee wangu, kwa heshima zote, mfano wa wasaidizi haunitoshi. Anayesoma karatasi anaweza kuiruka sentensi asiyoipenda, na kesho yake waandishi wa habari wakimuuliza, hujibu mwenyewe. Khan hakuwa na nafasi hiyo. Muhtasari ulipita kwa mawakili, ukanyooshwa na chama ili ufanane na usemaji wake, ndipo ukaingizwa kwenye programu. Sisemi kwamba walimsingizia. Nasema msikilizaji hana pa kuhakikishia, na sauti aliyoizoea tangu enzi Khan alipokuwa mchezaji wa kriketi inamfanya asione haja ya kuuliza. Tukikubali ridhaa ya kupitia watu wengine, tutafika Tamil Nadu, jimbo la India, ambako Januari 2024 M. Karunanidhi, kiongozi wa zamani wa jimbo hilo aliyefariki mwaka 2018, alionekana kwenye skrini akiusifu uongozi wa mwanawe, M. K. Stalin, aliyekuwa akiliongoza jimbo hilo wakati huo. Yeye muhtasari aliupitisha kwa nani?

Mwanasheria Mstaafu
Kuhusu marehemu nakubaliana nawe, binti yangu. Lakini mfungwa ukimnyima njia hii, umemsaidia aliyemfunga. Chama kingechapisha muhtasari wenyewe kando ya video, ukiwa na saini ya wakili.

Mdadisi
Nashukuruni. Hata hivyo, wakili huyo atathibitisha kwamba mteja wake aliandika muhtasari, au kwamba hotuba haikuuzidi? La pili naliona gumu zaidi, kwa kuwa muhtasari hauwi hotuba bila mtu kuujaza maneno.