"Amevaa kofia": ni "has worn" au "is wearing"?

Swali
Ndugu zangu, nilitakiwa kutafsiri sentensi "Amevaa kofia nyeusi" kwa Kiingereza, nikaandika "He has worn a black hat", kwa kuwa nimezoea kuigeuza "-me-" kuwa "has". Mwalimu aliikata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "is wearing", bila maelezo yoyote. Nami nikiirudisha "is wearing" katika Kiswahili napata "anavaa", na anayevaa bado hajamaliza kuvaa. Kosa langu liko wapi?

Jibu la kwanza
Umekosea pale ulipodhani kwamba "wear" na "vaa" vinalingana. "Vaa" ni tendo la kuitia nguo mwilini. Tendo hilo likiisha hubaki hali, na hali hiyo Kiswahili huitaja kwa "-me-", kama tusemavyo amelala, amesimama, ameketi. Kiingereza kina vitenzi viwili hapo: tendo ni "put on", hali ni "wear". Kwa hiyo aliyesimama mbele ya kioo akiingiza mkono wa pili wa shati "is putting on a shirt", na huyo ndiye "anavaa" wako. Akishafunga vifungo na kutoka, "is wearing a shirt". Sarufi ya "has worn" ni sahihi, ila husema jambo jingine: "She has worn glasses since 2010", yaani alianza kuvaa miwani mwaka huo na hadi leo anaivaa.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila "wear" haiishii kwenye nguo. Kwa Waingereza hata manukato, ndevu na tabasamu "huvaliwa", ilhali sisi manukato tunajipaka, ndevu tunazifuga, na tabasamu, kwa kweli, hatulivai popote. Jihadhari pia na "worn" inapotangulia nomino: "worn shoes" ni viatu vilivyochakaa, soli zimelika upande mmoja, wala si viatu vilivyomo miguuni mwa mtu.

Muulizaji
Ahsanteni, nimeelewa. Je, nikimhimiza mtu, "Vaa viatu, tunaondoka", niseme "Wear your shoes"?

Jibu la kwanza
Hapana, hapo unaagiza tendo, kwa hiyo utasema "Put your shoes on". "Wear your black shoes" utamwambia yule anayekuuliza kesho avae viatu vipi.