Mrejesho: kabati limejaa, nguo za kuvaa hakuna

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza nifanyeje na kabati lililojaa ilhali kila asubuhi nakosa cha kuvaa kazini. Wengi mlisema nitoe kila kitu, nichague rangi chache, na nisinunue chochote kwanza. Nimefanya, na nawashukuru sana.

Nilipozimwaga zote kitandani, picha ilijitokeza yenyewe: nguo ninazozipenda kweli ni za pamba, zimelegea kidogo, rangi ya udongo, bluu iliyokolea na nyeupe. Hizo ndizo msingi sasa. Za poliesta nyingi nimezigawa. Kwa joto la Dar na msongamano wa daladala, mwili unateseka bure.

Dada uliyenishauri nianze na fundi kabla ya duka, Mungu akubariki. Fundi wa mtaani kwetu amenibania viuno vya suruali za mtumba nilizotoa soko la Karume, na kitenge cha yadi 6 kimetoa gauni, sketi na kilemba. Sketi hiyo naivaa na shati jeupe ofisini, na blauzi ya bluu kanisani, na watu wanaulizia fundi.

Kabatini, za kazini zinaning'inia mbele. Sweta nimezikunja, maana hanga huzivuta mabega. Batiki nazifua kando kwa sababu zinachuja. Mchana naacha milango wazi. Unyevu wa huku huleta ukungu.

Bado viatu. Anayemjua fundi mzuri wa ngozi maeneo ya Ilala anielekeze, tafadhali.