Kikundi cha Ukoo: Meno ya Ian

Mama Ian: Shikamooni. Nimemfunua Ian mdomo leo, meno ya juu ya mbele yana mstari mweupe kama chaki karibu na fizi. Haufutiki. Ana mwaka na miezi 4, ni nini hiki?

Baba Mdogo Elia: Karibu kwetu Maji ya Chai 😂 ndiyo meno yetu Waarumeru hayo, ya maji ya kisima

Shangazi Neema: Elia tulia. Mama Ian, analala na chupa?

Mama Ian: Ndiyo shangazi, bila chupa halali. Maziwa, na bibi anatia sukari kidogo

Bibi: Marahaba wanangu. Maziwa matupu anayatema. Nyie wote nimewalea kwa sukari

Baba Mdogo Elia: Na mapengo yetu mama umeyasahau 🙈

Shangazi Neema: Shikamoo mama. Mtoto akilala mate yanapungua, maziwa yanashinda kwenye meno ya juu usiku kucha. Ya chini yanakingwa na ulimi.

Mama Ian: Kweli ya chini hayana kitu!

Shangazi Neema: Huo weupe ndio mwanzo wa kuoza. Haujatoboka, unaweza kurudi nyuma. Chupa ya kitandani iwe maji tu. Ongeza maji kwenye maziwa kidogo kidogo kila usiku mpaka azoee. Na umsugue wewe mwenyewe kabla ya kulala, mswaki laini, dawa yenye floraidi (madini yanayokinga meno) kiasi cha punje ya mchele

Mama Gift: Si yatang'oka tu lakini?

Shangazi Neema: Magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10, 12. Muda wote huo atatafunia nini?

Baba Mdogo Elia: Floraidi si ndiyo ilituharibu?

Shangazi Neema: Wewe ulikunywa maji ya kisima yenye floraidi nyingi kila siku, meno yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi. Punje ya mchele haifiki kiasi hicho. Ila Ian apikiwe kwa maji ya mvua, ya kisima hata ukichemsha floraidi haitoki. Na makande yake yasitiwe magadi, floraidi imo humo pia

Bibi: Makande bila magadi yataiva lini??

Shangazi Neema: Loweka toka jana yake mama 😊 Mama Ian, Alhamisi mlete kliniki, daktari wa meno atakuwepo amtazame

Mama Ian: Asante shangazi, tutakuja

Bibi: Na chupa ya leo?

Shangazi Neema: Maji, mama

Bibi: Haya. Basi leo analala na baba yake, mimi nimechoka kelele