Kambi yetu ya kuwinda kulungu inakufa kimya kimya. Ni sisi tu au ndo hali ya sasa?

Mpare wa Baridi

Wakuu habari za jumapili. Hii nimeileta huku maana nyumbani nikiwaambia wananicheka, shemeji yangu anasema nimeenda Marekani kusomea ujangili.

Niko Wisconsin mwaka wa 17 sasa. Kuna mzee mmoja mzungu tulikuwa shifti moja ya usiku, yeye ndo alinipeleka 2011 kwenye kambi yao ya kuwinda kulungu (kabla hamjanirukia, najua kuna watakaosema ni ayala kama wa kwenye Zaburi, mi naongelea huyu wa mkia mweupe, wabongo wa hapa tunamwita dia na maisha yanaendelea). Kambi yenyewe ni kibanda cha mbao, jiko la kuni, vitanda vya juu na chini, choo kiko nje, ukitaka kwenda usiku unajifikiria mara tatu. Tulikuwa watu tisa. Msimu wa bunduki huku ni siku tisa tu, unaanza jumamosi kabla ya Thanksgiving (sikukuu yao ya shukrani, alhamisi ya mwezi wa kumi na moja), kwa hiyo ijumaa jioni watu wote wameshafika, karata, uongo mwingi, mzee anapika maharage na nyama ya mwaka jana iliyobaki kwenye friza ili kupisha mpya.

2012 nikapiga jike langu la kwanza, nilikuwa natetemeka sijui baridi sijui nini. Watu wanne waliposikia mlio wakashuka kwenye stendi zao (vile viti vya mtini vya kuvizia), asubuhi ya kwanza kabisa ya msimu, saa ambayo kila mtu anaisubiri mwaka mzima, wakaja kunisaidia kuburuta kwenye theluji karibu kilomita nzima. Mmoja akapiga magoti akanionyesha pa kupitisha kisu nisipasue utumbo. Na jumapili ya mwisho nyama ilikuwa inagawanywa mafungu tisa sawa, uwe umepiga watatu au umelala tu kibandani.

Sasa sikieni ya mwaka jana. Zimekuja hizi kamera za kufunga kwenye mti zinazotuma picha moja kwa moja kwenye simu. Jamaa mmoja wa kambi alikuwa na picha za dume kubwa tangu mwezi wa saba, pointi kumi (yaani ncha kumi za pembe), kampa na jina kabisa, na hakumwambia mtu. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi dume likapita kwa mwenzake, naye akalipiga, angejuaje? Tukaja kula jioni. Yule wa kamera hakumpongeza mwenzie. Alikula, akaosha sahani yake, akaifuta, akairudisha kabatini, akafungasha akaondoka saa tatu usiku na barabara yote barafu. Wamefahamiana miaka 22 hao.

Mwaka huu waliothibitisha kuja ni wanne. Mafungu ya nyama hayapo tena, kila mtu na wake. Naulizeni mnaowinda huku, kwenu ikoje? Niendelee kwenda au ndo nikubali kambi imekufa?

---

Fundi Cherehani

Mkuu nimesoma mpaka mwisho nikajikuta nauliza kitu kimoja tu, hayo maharage na nyama yanapikwaje 😂

---

Babu Green Bay

Mpare pole sana, ila nadhani unailaumu kamera peke yake wakati ugonjwa ulianza zamani. Mi nimeanza kuwinda hapa 1998, ngoja nikwambie nilichokiona.

Mpaka 2014 ukipiga kulungu Wisconsin ilikuwa lazima umpeleke mwenyewe kituo cha kuandikisha, na vituo vyenyewe vilikuwa petrol stesheni, baa, duka la chambo. Unafika na pikapu yako kulungu yuko nyuma, unakuta gari kumi zimekutangulia, watoto wanapanda juu ya tairi kuhesabu pembe, mtu usiyemjua anakupa kahawa anakuuliza umempigia wapi na wewe unamdanganya kidogo. Pale ndo nilipojulikana na watu wa kijiji kile, sio kanisani. Mwafrika pekee kwenye foleni na damu mpaka kwenye viwiko, nani atakusahau? 2015 wakaleta kuandikisha kwa simu na intaneti. Dakika mbili umemaliza, unapewa namba, unaenda zako nyumbani. Rahisi kweli, na mi mwenyewe naitumia sijawahi kulalamika, ila ile foleni ilikufa na hakuna aliyeizika.

Halafu 2014 wakafungua msimu wa krosibo (ule upinde wa kufyatua kama bunduki) kwa kila mtu, unaanza katikati ya mwezi wa tisa mpaka mwanzo wa mwaka mpya. Mwenye uchu wa dume kubwa anamaliza shughuli mwezi wa kumi huko, peke yake, mtini. Ikifika jumamosi ya bunduki hana haraka, tagi yake (kibali cha kupiga mnyama mmoja) ya dume la upinde kashaitumia, anakuja kambini kunywa bia tu au haji kabisa.

Na kinachonishangaza ni hiki. Mwaka 2000 leseni za bunduki hapa zilikaribia laki saba, siku hizi ni kama laki tano na nusu. Wawindaji wamepungua, kulungu wamejaa wanagongwa na magari kila siku, lakini ugomvi umezidi. Kwa hiyo sio kwamba tunagombea kidogo kilichopo, tunagombea yule mmoja mwenye pembe. Majike hayana mgombezi.

Tena unajua sheria ya huku bado inaruhusu kuwinda kwa kundi, wa bunduki mwenzako anaweza kupiga kulungu kwa tagi yako mradi muwe mnaonana au mnasikiana kwa sauti, simu na redio hazihesabiki. Yaani sheria yenyewe iliandikwa na watu wa kambi. Leo muulize kijana kama atakupa tagi yake ya dume, atakuangalia kama umemuomba figo.

---

Mkamba wa PA

Sasa mimi niko Pennsylvania na wacha niwaambie huku story ni hiyo hiyo na ingine juu. Zamani msimu wa bunduki ulikuwa unafunguka jumatatu baada ya Thanksgiving, na shule nyingi za mashambani zinafungwa hiyo siku, si utani. Watu walikuwa wanaenda camp jumamosi, jumapili yote ni kukaa, kukata kuni, kusafisha bunduki, wazee wanaambia vijana vitu. 2019 wakahamisha ufunguzi ukakuwa jumamosi. Sababu yao si mbaya, kijana ako na kazi na chuo hawezi pata jumatatu off. Lakini sasa mtu anakula bata mzinga na familia alhamisi, ijumaa usiku anaendesha, jumamosi anapiga, jumapili ako nyumbani. Ile siku ya kukaa bure ndiyo ilikuwa camp yenyewe bana! Ile ya kuwinda ilikuwa kisingizio.

Babu yangu alikuwa mtu wa uta na mishale ya sumu, Kitui huko. Kenya walipiga marufuku kuwinda 1977, so alikufa na maneno yote kichwani na mimi nimekuja kujifunzia kwa wazungu. Mzee aliniambia kitu kimoja tu juu ya hiyo kazi, ati mnyama hana mwenyewe mpaka aanguke. Hiyo kamera yenu imeharibu hapo. Huyo buda alikuwa na dume lake tangu July, na jina, kwa hivyo kwa roho yake si mnyama alipigwa, aliibiwa. Huwezi mkasirikia sana ukiangalia hivyo, ingawa kuondoka usiku kwa barafu ni utoto.

---

Mama Wawili Duluth

Naomba niseme tofauti kidogo na kaka zangu.

Mnavyoisifia hiyo kambi ya zamani mimi nisingeingia. Mume wangu (mzungu, kwao wanawinda vizazi vyote) alinambia wazi kambi ya baba yake wanawake walikuwa wanakuja jumapili kuleta chakula na kuondoka. Nimeanza kuwinda 2016 baada ya kuchoka kubaki nyumbani na watoto kila novemba wakati yeye anaenda "kupumzika". Mwaka ule ule Wisconsin, majirani zetu sisi wa Minnesota, wakahalalisha kuvaa pinki badala ya rangi ya chungwa eti kuwavutia wanawake, sijui nani aliwaomba pinki, sisi tulikuwa tunaomba nafasi ya kitanda 😅

Sasa hivi tunakwenda wanawake wanne, mmoja Mkenya, mmoja Mhmong (kabila la Asia ya kusini mashariki, wako wengi huku) ambaye amekulia kwenye familia ya wawindaji wa squirrel (kindi) na anatupita wote kwa kutulia, simba mwenda kimya kabisa. Hatuna kamera hata moja, sio kwa sababu ya maadili, ni bei. Nyama tunagawana sawa. Kwa hiyo mnaposema umoja umekufa mi naona umehama nyumba tu. Hao wazee wenu umoja wao ulikuwa wa watu wanaofanana, wakaanza kutofautiana kidogo tu ukakatika.

Ila kweli kuhusu wivu, nao upo kwetu. Mwaka juzi mwenzetu mmoja aliweka picha ya dume lake mtandaoni kabla hata hajatuonyesha sisi tuliokuwa mita mia tatu, nikaona ajabu, kwamba watu elfu mbili wamelijua kabla yangu. Nilinuna. Nikamwambia. Akaomba samahani, yakaisha.

---

Kobe Mjanja

Hela wakuu, hela. Mnazunguka tu. Dume la pembe za kawaida likifika inchi 170 kwa vipimo vya Boone and Crockett (klabu inayopima pembe na kutunza rekodi) linaingia rekodi zao za wakati wote, na ukiwa nalo shambani kwako bei ya kulikodisha shamba kwa wawindaji inapanda. Mi niko Iowa, mkulima niliyekuwa namgongea mlango naomba kuwinda ananiambia ingia tu ufunge geti, leo kakodisha kwa watu wa jimbo la Georgia ambao wanasubiri miaka kibao kupata tagi ya huku. Simlaumu, mahindi hayana bei. Lakini mtu aliyelipa maelfu ya dola kwa wiki moja huwezi kumwambia ashuke mtini akusaidie kuburuta jike. Anahesabu dakika.

---

Mtoto wa Uvira

Ndugu zangu, mie pia niko Iowa, nafanya kazi ya kukata nyama kiwandani, na kila novemba watu wananiletea kulungu wao niwakatie. Nitasema kitu kimoja. Huku kuuza nyama ya mwituni ni kosa, kwa hiyo ukiwa nayo nyingi utaigawa tu, hauna njia ingine. Wazee wanakuja wananiambia chukua miguu ya mbele ni yako. Vijana wengi wananiuliza tu kichwa, kichwa kitatoka lini kwenda kwa mtu wa kutengeneza vichwa vya kutundika ukutani. Wengine nyama hawarudi kuchukua. Mwaka uliopita nilibaki na masanduku matatu, nikagawia kanisa letu nzima, wamama walipika na sombe (kisamvu) siku mbili.

Mpare, muulize huyo aliyekasirika kama anakula nyama. Kama anakula, atarudi.

---

Babu Green Bay

@Mtoto wa Uvira nimecheka ila umesema kitu. Nyongeza kidogo kuhusu nyama, ugonjwa wa CWD (unaokondesha kulungu mpaka wanakufa) uligundulika hapa 2002 na nao umechangia. Zamani fungu la nyama unapokea bila kuuliza. Sasa hivi kaunti zenye ugonjwa unashauriwa kupima, unapeleka tezi za shingoni, na akikutwa nao usile. Haijathibitika kumwambukiza binadamu lakini mtu anaogopa, so hata kugawana kumekuwa na masharti, unampa mtu nyama unamwambia subiri majibu usipike kwanza. Sio wivu wote huo, mwingine ni woga.

---

Mpare wa Baridi

Asanteni wakuu, sikutegemea michango mizito hivi. @Fundi Cherehani maharage anayaloweka alhamisi, nyama anaanza nayo kwenye sufuria ya chuma na vitunguu, bia badala ya maji, masaa sita juu ya jiko la kuni. Nimejaribu nyumbani haifanani.

@Mama Wawili hapo kwenye watu wanaofanana umenipa cha kuwaza, maana mimi sikuwa nafanana nao na walinipokea, ila kweli nilikuwa sigombei chochote. Nilikuwa mgeni wa majike. Mwaka niliopiga dume la pointi nane, sasa hivi nakumbuka, kuna mmoja hakunishika mkono. Nilidhani hakuniona.

@Mkamba ile ya babu yako nimempigia mzee leo mchana nikamsomea kwa kiingereza changu. Akakaa kimya, akasema huyo babu angepewa kitanda cha karibu na jiko. Halafu akanambia amewaandikia wote kwamba mwaka huu kamera zinazimwa ijumaa saa sita mchana na simu zinaingia kwenye ndoo mlangoni. Wawili wamekubali. Yule wa dume hajajibu, lakini mke wake kapiga simu kuulizia kama bado tunahitaji mtu wa kuleta mikate.

Naenda. Mtoto wa Uvira nitumie inbox bei ya kukata, nikipata nitakuletea, na miguu ya mbele ni yako.