Kebo ya megahezi 100 inapitishaje megabiti 1,000 kwa sekunde?

Muulizaji, Ngamiani, Tanga
Ndugu zangu, salaam. Katika duka letu la fotokopi nimevuta kebo ya mtandao ya daraja la 5e kutoka kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta) hadi kompyuta ya nyuma, umbali wa mita 20 hivi. Kebo hiyo hupimwa hadi megahezi 100, ilhali swichi inadai megabiti 1,000 kwa sekunde. Hizo mara kumi zinatoka wapi? Na mbona kompyuta yenyewe inasoma 100 tu?

Jibu la kwanza
Megahezi huhesabu mawimbi, biti ni mzigo unaobebwa. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Ndani ya kebo mna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, na mfumo wa gigabiti, uliopitishwa mwaka 1999, hutumia jozi zote nne kwa wakati mmoja. Kila jozi hupeleka alama milioni 125 kwa sekunde, na kila alama ni kimojawapo kati ya viwango vitano vya volti, si kuwaka na kuzima tu. Kwa kuwa alama moja hubeba biti mbili, jozi moja hufikisha megabiti 250. Zidisha kwa nne. Na kwa kuwa wimbi moja lina kilele na bonde, alama hizo zinatosha ndani ya megahezi 62.5.

Jibu la pili
Mwenzangu amesema kweli, ila ameruka jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu zaidi: jozi hizo hupeleka na kupokea kwa pamoja, kila upande ukiondoa mwangwi wa sauti yake ili usikie ya mwenzake. Tena, viwango vitano katika jozi nne hutoa michanganyiko 625, na biti nane zinahitaji 256 tu. Ziada hiyo husaidia kusahihisha makosa. Kuhusu 100 yako, mfumo wa zamani wa megabiti 100 hutumia jozi mbili pekee, pini za 1, 2, 3 na 6 za kichwa cha kebo, kwa hiyo jozi nyingine mbili zikiwa na hitilafu kompyuta hurudi kwenye mfumo huo. Kagua hizo mbili, za buluu na kahawia.

Muulizaji
Nimekitazama kichwa cha kebo kwa tochi ya simu. Waya wa kahawia ulikuwa umeishia nyuma ya pini ya 8, pungufu kwa upana wa punje ya mchele. Nimekata, nikakrimpu upya, yaani nikabana kichwa kwenye nyaya, na sasa inasoma 1,000. Ahsanteni.